Nyumba za Umma: Tuanze Kwa Kuisoma Sheria

Mwenzetu mmoja, mkata miwa wa miaka kumi na minne katika shamba ambalo hatutalitaja, aliumia mkono kazini. Baada ya kukaa nje ya kazi kwa muda, alipewa barua mbili kwa siku moja. Ya kwanza ilisema kazi yake imekwisha. Ya pili ilisema chumba chake cha kambini kinatakiwa, na kwamba awe amekihama kabla ya Jumamosi. Mke wake alikuwa na mtoto wa wiki tatu. Alipofika ofisini kwetu hakuanza na habari ya mkono, wala ya malipo ya kuumia. Alisema: "Ndugu katibu, mkono ni shauri la Mungu. Jumamosi nitawalaza wapi watoto?"

Tulikwenda kwa meneja, tukazungumza. Tulipata wiki mbili zaidi, basi. Mkataba wake ulisema wazi kwamba chumba ni cha kazi, na kazi ikiisha chumba nacho kimekwisha. Leo ndugu huyo anakaa mjini katika "mzigo", kama tunavyoita huku Uganda vile vyumba vya mstari mmoja, watu sita chini ya bati moja. Mwenye nyumba alidai kodi ya miezi mitatu kabla ya kutoa ufunguo. Fedha alizolipwa kwa ajili ya mkono wake zikaishia mkononi mwa mtu mwingine.

Tumeanza na habari hii kwa sababu inatuhusu sote, wa shambani na wa kiwandani. Tunapodai mshahara tunasahau kwamba nje ya geti kuna mdomo unaoungoja mshahara huo, nao ni kodi ya nyumba. Tukiongezwa shilingi chache na mwajiri, mwenye nyumba anasikia habari hiyo kabla ya wake zetu. Na yule anayekaa katika nyumba ya mwajiri anaogopa kufungua mdomo, maana akifukuzwa asubuhi, jioni hana pa kulala. Mfanyakazi asiye na nyumba ya hakika hawezi kugoma. Waajiri wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi.

Kwa hiyo tunasema suala la nyumba ni suala la chama cha wafanyakazi. Na katika suala hilo, leo tunataka kuzungumza juu ya mashirika ya umma ya nyumba: yana nguvu gani kisheria, nguvu hizo zimetumikaje, na kwa nini nyumba walizoahidiwa wanyonge mara nyingi huishia kwa wengine.

SHIRIKA HUZALIWA NA SHERIA

Wengi wetu tukiona jengo jipya la shirika la umma tunahesabu ghorofa. Wakubwa nao wanapenda tuhesabu ghorofa, maana kwenye ufunguzi ndizo zinazopigwa picha. Lakini shirika la nyumba halikuzaliwa na matofali. Limezaliwa na sheria iliyopitishwa Bungeni, na sheria hiyo ndiyo inayosema shirika linaweza kufanya nini na haliwezi kufanya nini. Uganda ilianzisha Shirika la Taifa la Nyumba mwaka 1964. Tanganyika ilikuwa imetangulia mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru. Kenya ina Shirika lake chini ya Sheria ya Nyumba. Majina yanafanana, lakini hayakupewa nguvu sawa, wala hayakubaki na nguvu zile zile.

Sisi tunaona kwamba nguvu zinazomhusu mfanyakazi ni nne. Kwanza, nguvu ya kupata ardhi. Pili, nguvu ya kupata fedha. Tatu, nguvu ya kupanga kodi na kuchagua nani apewe nyumba. Nne, nguvu ya kuuza. Ukitaka kujua kama nyumba za umma zitakuwa za bei nafuu au za jina tu, zichunguze hizo nne.

NGUVU YA KUPATA ARDHI

Nyumba haijengwi hewani. Shirika likinunua kiwanja mjini kwa bei ile ile anayonunua tajiri, nyumba itakayosimama juu yake itakuwa ya bei ya tajiri. Hili halihitaji mtu kusoma chuo kikuu.

Serikali ya Singapore ililielewa jambo hili mapema. Mwaka 1960 iliunda bodi ya nyumba, na mwaka 1966 ikapitisha sheria ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma kwa fidia iliyowekewa mipaka. Katika miaka mitano ya kwanza bodi hiyo ilijenga nyumba zaidi ya 50,000. Leo karibu watu wanne kati ya watano katika nchi hiyo wanakaa katika nyumba zilizojengwa na bodi hiyo. Hatusemi kila kitu cha Singapore ni kizuri. Vyama vya wafanyakazi kule havina uhuru ambao sisi tungeutaka. Tunasema tu kwamba sheria ya nyumba na sheria ya ardhi zilikwenda pamoja kama jembe na mpini.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunayo mifano miwili ya kutwaa majumba, iliyofuatana kwa mwaka mmoja, nayo inatufundisha mengi.

Mwaka 1971 Tanzania ilipitisha Sheria ya Kutwaa Majengo. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi yalichukuliwa na Serikali, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Karibu majengo 3,000 yalitwaliwa. Wako walioumia: jengo lililozidi miaka kumi halikulipwa fidia, na wengine walikuwa wameweka akiba yao yote katika jengo moja. Hatuna haja ya kulificha hilo. Lakini nyumba hizo zilikwenda kwenye daftari la umma, zikapata ofisi, wapangaji na kodi iliyojulikana. Hata leo watu wa Dar es Salaam wakisema "nyumba za Msajili" wanajua ni zipi.

Mwaka uliofuata, 1972, Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda kwa siku 90. Nyumba na maduka yao yaligawiwa askari na rafiki zao, kisha ndipo ikaundwa bodi ya kutunza mali hizo. Wazee wetu wa viwandani walioshangilia siku ile walingoja nyumba, nazo hazikufika. Wapangaji walibadilishiwa mwenye nyumba tu, tena huyu mpya alikuwa na bunduki. Mwaka 1982 ikapitishwa sheria ya kuwarudishia wenyewe mali zao, na mambo hayo yaliendelea kwa miaka mingi.

Nchi hizi mbili zilitwaa majumba karibu wakati mmoja. Moja ilitanguliza sheria, nyingine ikatanguliza bunduki. Basi mtu akituambia "tutachukua ardhi kwa ajili yenu", tumwulize kwanza ataiandika katika daftari gani na kwa jina la nani.

Siku hizi Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka mtu alipwe fidia ya haki kabla ardhi yake haijachukuliwa. Ni ulinzi mzuri, hata kwa mkulima mdogo. Lakini maana yake ni kwamba asiye na fedha mkononi hapati ardhi, hata akiwa shirika la umma. Ndiyo maana ardhi ambayo tayari ni ya umma ni kama mbegu: ukiila leo, mwakani huna cha kupanda.

Na mbegu hiyo imeliwa. Tazama Nakawa na Naguru, Kampala. Mitaa hiyo ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Vilikuwa vyumba vidogo, lakini karani, dereva, mfagiaji na mtu wa kiwandani waliweza kulipa kodi yake. Mwaka 2007 Serikali ilitia saini mkataba na kampuni binafsi ili mitaa hiyo ijengwe upya. Mwaka 2011 nyumba zikavunjwa, na familia zaidi ya 1,000 zikaondoka na ahadi ya kurudi. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2013. Miaka ikapita, nyasi zikaota. Mwaka 2021 Bunge likalazimika kuunda kamati ya kuchunguza jinsi ardhi hiyo ilivyogawiwa kwa watu wengine wenye mitaji. Watoto waliotolewa pale wakiwa darasa la kwanza sasa ni watu wazima, nao wanapanga mizigo kama sisi.

Sasa linganisha na Magomeni Kota, Dar es Salaam. Huko nako wakazi wa nyumba za zamani, kaya 644, waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, nao wakangoja kwa miaka na ahadi zao mkononi. Mwaka 2016 Serikali iliamua kujenga yenyewe, kwa mikono ya wakala wake wa majengo, na mwaka 2022 nyumba 644 zikafunguliwa kwa ajili ya kaya zile zile. Kungoja kulikuwa kurefu, na wengine walikufa kabla. Lakini ziko tofauti mbili: orodha ya wenye haki haikupotea, na ardhi haikuondoka mikononi mwa umma. Hapo ndipo sheria na mkataba vinapoonyesha faida yake au hasara yake.

NGUVU YA KUPATA FEDHA

Fedha za nyumba za umma hutoka wapi? Kwa njia moja au nyingine hutoka kwetu. Majirani zetu wa Kenya wanalijua hili kila mwisho wa mwezi. Mwaka 2023 Serikali yao iliweka makato ya nyumba ya 1.5 kwa mia ya mshahara wote, na mwajiri akatakiwa kuongeza 1.5 kwa mia nyingine. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu iliamua kwamba makato hayo yanavunja Katiba, kwa sababu yaliwabana walioajiriwa tu na kuwaacha wengine bila maelezo ya maana, na kwa sababu hapakuwa na mfumo kamili wa sheria juu yake. Serikali ikarudi Bungeni, na tarehe 19 Machi 2024 ikatiwa saini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ambayo inawagusa hata wasioajiriwa.

Tufanye hesabu ya kidole. Mfanyakazi wa Kenya anayelipwa shilingi 20,000 anakatwa 300 kila mwezi, na mwajiri anaongeza 300. Kwa mwaka ni shilingi 7,200 zilizotoka katika kazi ya mtu mmoja. Hatupingi wafanyakazi kuchangia nyumba za wafanyakazi. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini tuelewe tunachangia nini. Makato haya si akiba. Kukatwa miaka ishirini hakukupi chumba. Ni ushuru, na nyumba inaombwa kando, kwa masharti yake.

Hata hivyo sheria ile ina mambo mawili ambayo sisi tungefurahi kuwa nayo huku. La kwanza, imegawa nyumba kwa kipato, na imetaja daraja la watu wa kipato kisichofika shilingi 20,000 kwa mwezi. La pili, mtu aliyenunua nyumba hizo hawezi kuiuza bila kibali cha Bodi. Hayo ni maneno machache tu katika karatasi, lakini ndiyo yanayoamua kama fedha ya mchuma chai itamjengea mchuma chai au itamjengea mtu mwenye magari mawili. Kazi ya vyama vya Kenya sasa ni kuhesabu: katika kila nyumba 100 zilizokamilika, ngapi zilikwenda kwa daraja la chini? Sheria inayotaja maskini bila kutaja idadi ni kama mualiko wa harusi usio na tarehe.

NGUVU YA KUPANGA KODI

Hapa tunakuja kwenye jambo gumu, na sisi wa vyama tulizungumze kwa ukweli.

Zamani tulidai kodi ya chini, tukaipata mahali pengi. Tanzania ilikuwa na sheria ya kuzuia kodi za nyumba. Wapangaji wa Msajili na wa Shirika walilipa kidogo. Lakini kodi ilipobaki ile ile wakati bei ya saruji na bati ikipanda, paa zilivuja, vyoo viliziba, na rangi ikabaki ya mwaka 1971. Tena wako wapangaji waliopangisha wengine kwa bei ya soko na kuchukua kilemba, na huku wao wakilipa Shirika kodi ya zamani. Mwaka 1990 Msajili alivunjwa na majumba yake yakapewa Shirika la Nyumba. Mwaka 2005 sheria ya kuzuia kodi ikafutwa, na sheria ya Shirika ikabadilishwa ili liendeshwe kibiashara. Baada ya hapo majengo yakapata rangi na lifti, lakini kodi ikaanza kulifuata soko.

Kwa hiyo tulitoka kwenye nyumba ambayo mnyonge aliweza kulipia lakini ikamwangukia, tukaingia kwenye nyumba iliyosimama imara ambayo mnyonge haingii. Je, hakuna njia ya tatu? Sisi tunasema iko. Kodi ipimwe kwa kipato cha mpangaji, na kile kinachopungua kwa ajili ya matengenezo kilipwe waziwazi kutoka katika fungu la umma, Bunge likiona. Shirika lisiambiwe kwa mdomo "saidieni maskini", na kwenye hesabu likaulizwa "faida iko wapi?" Punda mmoja hawezi kupelekwa sokoni na mtoni kwa wakati mmoja.

Na kipato chenyewe kikoje? Huku Uganda kima cha chini kilichowekwa kisheria ni shilingi 6,000 kwa mwezi, tangu mwaka 1984. Ndugu, hamkusoma vibaya. Fedha hiyo leo hainunui hata kilo moja ya nyama. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya, Rais akakataa kuutia saini. Upande wa nyumba tumepata Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022, inayosema kodi isiongezwe zaidi ya 10 kwa mia kwa mwaka. Tunaishukuru. Lakini tazama mizani: upande mmoja kodi ina ruhusa ya kupanda kila mwaka, upande wa pili kima cha chini kimelala miaka arobaini. Na ni wapangaji wangapi wa mizigo wenye mkataba wa maandishi wa kuonyesha kodi ilikuwa kiasi gani mwaka jana? Fimbo ya mbali haiui nyoka.

NGUVU YA KUUZA

Katika nguvu zote nne, hii ndiyo inayotutia hofu zaidi, kwa sababu ndiyo inayokuja na ngoma na vifijo.

Kuanzia mwaka 1996 Serikali ya Zambia iliuza nyumba za mabaraza ya miji kwa wapangaji waliokuwamo, tena kwa bei ndogo sana. Nyumba za migodi nazo ziliuzwa kwa wachimbaji. Wenzetu wa Copperbelt walicheza ngoma, na ni nani angewalaumu? Mtu aliyefanya kazi chini ya ardhi miaka thelathini akapata hati yenye jina lake. Tungekuwa sisi tungecheza pia.

Lakini nyumba iliyouzwa huuzwa mara moja. Kijana aliyeingia mgodini miaka kumi baadaye hakukuta nyumba ya mgodi wala ya baraza. Alikuta chumba cha kupanga, na mwenye chumba huenda ni yule yule aliyenunua kwa bei ya zawadi. Kizazi kimoja kilipewa nyumba, na vizazi vinavyofuata vikaondolewa haki bila kuulizwa.

Tusidhani ni mambo ya Afrika. Uingereza ilipitisha Sheria ya Nyumba ya mwaka 1980, iliyoyalazimisha mabaraza kuwauzia wapangaji nyumba zao kwa punguzo kubwa. Angalia neno "yaliyolazimishwa": baraza halikuwa na hiari. Karibu nyumba milioni mbili zimeuzwa katika England pekee, na zilizojengwa badala yake hazikufika karibu na idadi hiyo. Nyingi katika zile zilizouzwa siku hizi zinapangishwa na watu binafsi. Scotland ilifuta sheria hiyo mwaka 2016, na Wales mwaka 2019, baada ya kuona ghala likiwa tupu.

Na kwetu? Mwaka 2001 Uganda ilipitisha sheria inayoruhusu mtu kumiliki sehemu moja ya jengo la ghorofa. Shirika likaitumia kuuza nyumba zake za Bugolobi, Bukoto na Wandegeya. Mwaka 2002 Shirika lenyewe likageuzwa kampuni, na baadaye hisa 49 kwa mia zikaenda kwa kampuni ya Libya. Tangu hapo likawa linanunua ardhi kama kampuni, linakopa kama kampuni, na linauza kama kampuni. Hatuwalaumu wakurugenzi. Kampuni ikiuza kwa hasara inavunja kazi iliyoundwa kuifanya. Lawama ni ya sisi tulionyamaza sheria ilipobadilishwa, tukidhani kwamba jina likibaki, basi kazi nayo imebaki.

Wako wanaosema: "Acheni serikali itoke katika nyumba, soko litawajengea." Tunawajibu kwa heshima: soko limekuwa likitujengea miaka yote hii, nasi tunalala katika alichotujengea. Limejenga mizigo. Soko haliwezi kumjengea mtu wa kima cha chini nyumba ya vyumba viwili na choo cha ndani, maana hana fedha ya kulipa, na si kosa la soko wala la mtu huyo, ni hesabu. Ndiyo sababu umma uliunda mashirika tangu mwanzo.

TUNADAI NINI

Ndugu wafanyakazi, kulalamika bila dai ni kujichosha. Haya ndiyo madai ambayo tunaomba kila tawi liyazungumze, liyaongeze au liyapunguze, kisha liyapeleke kwa mbunge wake na kwenye mkutano mkuu.

Kwanza, ardhi ya umma iliyojengwa nyumba za wafanyakazi isigawiwe kwa kampuni yoyote kabla ya nyumba za badala kusimama, na orodha ya wakazi iwekwe katika sheria au katika mkataba wenyewe, si katika hotuba.

Pili, nyumba ya umma ikiuzwa, fedha yake iwekwe katika fungu la kujenga nyingine, na nyingine ijengwe. Aliyenunua kwa bei ya nafuu akitaka kuuza, airudishe kwanza kwa shirika.

Tatu, kila sheria ya nyumba itaje idadi: katika kila mia, ngapi ni za watu wa mshahara wa chini. Na hesabu hiyo itangazwe kila mwaka kwa lugha tunayoisoma.

Nne, wafanyakazi wawe na viti katika bodi za nyumba, na wawakilishi hao wachaguliwe na vyama, si kuteuliwa na waziri kwa sababu wanajua kupiga makofi.

Tano, na hili halihitaji Bunge, linahitaji sisi: kila mkataba wa hali bora uwe na kifungu cha nyumba. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa au amlipe fedha ya kutosha kodi, isipokuwa pale mshahara wenyewe umejumlisha fedha hiyo. Nasi tuandike hivyo katika mikataba yetu. Na kwa wale wa makambini, tuandike kwamba mfanyakazi aliyeachishwa, na hasa aliyeumia kazini, asitolewe chumbani kabla ya miezi mitatu, wala kabla ya kulipwa haki zake zote.

Tungekuwa na kifungu hicho, yule ndugu wa mkono asingekuja kwetu akiwa na siku tano tu. Tulimwambia ukweli: tulikosea, hatukukidai. Katika mazungumzo ya mwaka ule tulidai nyongeza ya mshahara na sare, tukapata vyote viwili, tukarudi tukiimba. Habari ya vyumba hakuna aliyeikumbuka, kwa kuwa siku ile wote tulikuwa na vyumba.

Alitusikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza mazungumzo mengine ni lini. Tukamtajia mwezi. Akasema atakuja, ingawa yeye si mfanyakazi tena wa shamba lile, akae nyuma asikilize tu kama kifungu hicho kinasomwa.

Ndugu, kitasomwa. Tunaomba kila tawi litupatie, kabla ya mkutano mkuu, orodha ya wanachama wanaokaa katika nyumba za mwajiri, wanaopanga mizigo, na kodi wanayolipa. Mkono mmoja haulei mwana.

Umoja ni nguvu.